Maikrofoni Niliyompa Mzee Kibwana

Neema ameniambia niandike. Anasema vijana wanaokuja kurekodi kwake hapa Mikumi wanaulizia ile picha ya ukutani: huyo bibi aliyeikumbatia mixa ya sauti kama kitoto kichanga ni nani? Haya, ni mimi. Mwanaidi, fundi mitambo. Nimechanganya sauti za watu sebuleni kwangu, kwanza Kilosa mjini, baadaye hapa Mikumi, mpaka masikio yakaanza kuninyima zile sauti nyembamba za juu, nikaona heri niache mwenyewe kabla sijaachishwa. Nani alinilipa na nani alinikimbia, mengine nimeyasamehe na mengine nimeyasahau. Ninachotaka kuwaandikia ni kazi yenyewe, na hasa kosa moja nililolifanya kwa adabu njema kabisa, likanikaa rohoni zaidi ya miaka ishirini.

Kazi nilifundishwa na Fundi Sefu, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na stesheni ya Kilosa. Mtu mfupi, hasira ndefu. Siku ya kwanza nilimpelekea redio ya mama iliyokuwa inakoroma. Nikakaa pale nikimtazama anavyoifungua, anavyopuliza vumbi, anavyogusa waya mmoja mmoja kwa ncha ya bisibisi mpaka redio ikaitika. Kesho yake nikarudi mikono mitupu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu."

"Basi kama hujaleta kitu, shika tochi hii, nimulikie hapa."

Nikamulika miezi mitatu. Mwezi wa nne akanipa chuma cha kuchomelea nyaya, nikajiunguza siku hiyo hiyo, akasema sasa nimeandikishwa kazini. Alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: mitambo ina bwana mmoja. Mkono wako ukigusa mixa ya mwenzio wakati anafanya kazi, unapigwa kwa mpini wa bisibisi kwenye vidole, na mimi nilipigwa mara mbili. Sheria hiyo niliirithi, bisibisi pia niliirithi, na wako waimbaji wakubwa leo wanaoweza kuwaonyesha kovu.

Kitu kingine nilichorithi kwake ni kopo la maziwa lililojaa mikanda ya mpira, ile midogo inayozungusha kaseti. Aliihifadhi ndani ya poda ya watoto. "Mpira ni ngozi," alikuwa akisema. "Usipoupaka poda unachubuka." Nilimcheka kimoyomoyo miaka mingi. Mtaona kicheko hicho kiliishia wapi.

Mashine yangu ya kwanza ya kurekodi niliinunua kwa bendi moja ya Morogoro iliyosambaratika baada ya mwimbaji na mpiga gitaa kugombania mwanamke ambaye, nasikia, aliolewa na mpiga ngoma. Ilikuwa mashine ya kaseti ya njia nne. Ninyi hamjaiona, basi niwaeleze. Kaseti ya kawaida ina upande wa kwanza na wa pili. Mashine hii inazitumia pande zote mbili kwa mpigo mmoja, na utepe unakimbia mara mbili ya kawaida, hivyo unapata njia nne zinazokaa pamoja bila kugusana: sauti huku, ngoma kule, waitikiaji kule, kila mmoja na kitanda chake. Ukiichukua kaseti hiyo ukaiweka kwenye redio ya nyumbani, inaunguruma kama mlevi.

Baada ya kurekodi ndipo unachanganya. Njia nne zinapita kwenye mixa, kila moja na kitelezi chake, kile kidude unachokisukuma juu sauti ikapanda, ukikivuta chini inashuka. Wimbo unatembea, nawe vidole vinne viko juu ya vitelezi vinne, huku mashine nyingine inarekodi unachokifanya. Ukikosea dakika ya mwisho, unaanza upya. Hiyo ndiyo analojia, wanangu. Haina kufuta wala haina kurudi nyuma, na jasho linakutoka hata kukiwa na baridi. Nilikuwa nikitandika magodoro ukutani, namfukuza kuku uani, nauliza stesheni kama kuna treni karibu, ndipo nabonyeza.

Kikundi cha ngoma kutoka Masanze kilinijia sebuleni Kilosa wakati kaseti bado ina heshima zake. Walikuja watu wanane, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu, ngoma kubwa imefungwa kwenye keria kama mgonjwa. Kiongozi wao alikuwa Mzee Kibwana. Mtu wa maana sana, mwenye kanzu safi na kikopo cha ugoro, na kazi yake kwenye kikundi ilikuwa kupiga kayamba. Mungu anisamehe na yeye amrehemu, hakulipiga vizuri. Mwimbaji alikuwa binti wa miaka kumi na tisa hivi, anaitwa Zaituni.

Zaituni alijaribu sauti barazani wakati mimi napanga nyaya. Mama yangu alikuwa anatwanga uani, na mchi ukasimama. Mama hakuwahi kusimamisha mchi kwa ajili ya mtu, hata mgeni alimkaribisha huku anatwanga. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kumtoa bibi harusi. Kwenye ukoo wa kina Zaituni, binti akiolewa, mama yake mzazi anasimama mlangoni na kumwimbia, na binti havuki kizingiti mpaka mama afike mwisho. Zaituni alikuwa ameurithi kwa mama yake, na alivyouimba, jamani, nywele zilinisimama.

Sasa sikilizeni kosa. Nilikuwa na maikrofoni nne. Tatu zilikuwa za kuokoteza, mojawapo niliinunua mnada wa shule, bado inanuka ugali. Moja tu ilikuwa nzuri, nzuri kweli, nimeifunga kwenye kitambaa cha hariri. Mtu yeyote mwenye akili angempa Zaituni. Mzee Kibwana akazitazama zote nne, akanyoosha fimbo.

"Hiyo inayong'aa ni ya nani?"

Kikundi kizima kikanitazama. Ningemwambiaje mzee wa watu, mbele ya wanawe na wajukuu, kwamba ile nzuri ni ya binti na yeye achukue ya mnada? Nilishampa shikamoo, nilishampa kiti cha mkono. Ulimi ukajisemea wenyewe.

"Ni yako, baba."

Akaketi, kayamba mapajani, maikrofoni yangu nzuri nikaielekeza pale kwenye kayamba. Njia ya kwanza ikawa yake. Zaituni nikamkalisha mkekani ubavuni mwa kiti cha mzee, kama anavyokaa binti mwenye heshima, nikamtilia ile ya mnada ashirikiane na ngoma ndogo. Ikawa njia ya pili. Waitikiaji njia ya tatu, ngoma kubwa ya nne. Nikabonyeza. Ngoma ndogo ilimpiga Zaituni kumbo kila alipofungua mdomo, maikrofoni ikazidiwa, na sauti yake ikaingia kwenye utepe imepasukapasuka.

Nilipochanganya, kayamba lilinitia wazimu, chachacha tangu pigo la kwanza. Njia ya kwanza nikaivuta chini kabisa kwa hasira, nikaiacha huko. Kaseti nikampelekea Fundi Sefu asikilize. Alisikiliza wimbo wote, akavua hedifoni taratibu.

"Maiki nzuri ulimpa nani?"

"Mzee Kibwana."

"Kwa nini?"

"Ni mkubwa."

"Basi umerekodi umri," akasema. "Wimbo hukuurekodi. Waite tena."

Sikuwaita. Kwanza mvua, halafu palizi, halafu Zaituni akaolewa, akapata mtoto wa kike, Asha. Nilikuwa nikisema mwakani. Asha alipokuwa anaanza kutembea, mama yake akavimba tezi ya shingo, akafanyiwa upasuaji, akapona, na sauti ikaondoka. Ikabaki mnong'ono. Habari hiyo niliipatia sokoni, nikalia pale pale mbele ya wauza dagaa bila aibu. Mtu mzima na kikapu changu. Sauti ile ilikuwa imerekodiwa mara moja tu duniani, na aliyeirekodi nilikuwa mimi na adabu zangu.

Maji yalipoingia nyumbani Kilosa mpaka usawa wa kitanda, nilihamia Mikumi kwa dada yangu, nikiwa na mashine, kopo la mikanda na kaseti zangu kichwani. Mikumi barabara kuu haikai kimya. Nilijifunza kurekodi kati ya lori na lori. Nilikuwa najua kwa mlio kama linapanda au linashuka, na nina muda wa ubeti au wa kiitikio tu. Kwaya moja niliirekodi kutwa nzima kwa wimbo wa dakika tatu. Mwisho mwenye kwaya akanishauri tumwimbie Mungu wimbo mfupi zaidi.

Ndipo dijitali ikaja, na kwangu ilikuja na miguu miwili na jina: Neema. Wazazi wake ni wafugaji na wakulima waliotoka kanda ya ziwa wakaweka makazi Kisanga. Alikuwa mwalimu, akaacha chaki, akanunua kompyuta. Akanijia mlangoni na shikamoo ya heshima kabisa na akaniambia anataka kujifunza kusikiliza. Nikampenda kwa neno hilo. Hakusema kurekodi.

Tuligombana miaka kadhaa, na ugomvi ule umenifundisha kuliko makubaliano. Mimi nilimwambia kompyuta inachanganya kwa macho: mnatazama michoro inavyopanda na kushuka, hamsikii. Nikawa namfunika kioo kwa khanga, namwambia haya, changanya sasa. Alihangaika wiki nzima, halafu akaanza kusikia. Naye hakukaa kimya. Siku moja mteja alirudi akitaka wimbo wake wa mwezi uliopita uwe vile vile, ila ngoma ishuke kidogo tu. Nilihangaika na vitelezi kutwa, sikuurudia ule ule.

"Mama," Neema akasema, "miksi ya mwezi uliopita iko wapi?"

"Ilipita."

"Ya kwangu iko hapa," akabonyeza, na miksi yake ya mwaka juzi ikafufuka nzima, kila kitu mahali pake. Nilinuna mpaka jioni. Kesho yake nikamwomba anifundishe.

Nitawaambia nilichokiona, mkubali mkatae. Analojia inakufundisha kuamua, kwa sababu ukishaamua huwezi kughairi. Kaseti inavuma, fsss, na joto la ule mvumo linaziba nyufa. Lakini inakusahau, na inaliwa na unyevu na panya. Dijitali haisahau, inakusamehe mara elfu, inakuruhusu kukata pumzi ya mtu katikati ukaishona. Hatari yake ni kwamba ukisamehewa mara elfu huamui kitu, unabaki unapaka rangi juu ya rangi. Mimi niliishia kutumia zote mbili, na wanaojidai upande mmoja hawajawahi kubanwa.

Nilistaafu mwaka jana. Nikafunika mixa kwa kitenge, nikamkabidhi Neema chumba, nikaanza kufuga bata. Wiki tatu baadaye, Jumatatu asubuhi, bodaboda ikasimama uani, akashuka mwanamke mwenye kovu shingoni. Shikamoo yake sikuisikia, niliiona mdomoni.

Zaituni. Nilimkalisha, nikamletea maji, nikainama mpaka sikio langu likakaribia midomo yake.

"Asha anaolewa Jumamosi," akanong'ona. "Wifi yangu amejitolea kumwimbia mlangoni. Dada, mwanangu hajawahi kunisikia. Hata mara moja. Anaujua mnong'ono tu. Sitaki atolewe kwa sauti ya mtu mwingine. Ile kaseti unayo?"

Nilikuwa nayo. Nilimwambia kweli yote hapo hapo, kwamba nilimpa Mzee Kibwana maikrofoni yake, kwamba iliyobaki ni sauti iliyopasuka, na kwamba sikupata ujasiri wa kumwomba radhi miaka yote hiyo. Akatikisa kichwa. Akasema hata yeye angempa mzee, ungefanyaje.

Tukaanza na njia rahisi. Neema aliichukua ile kaseti ya kawaida, iliyokwishachanganywa, akaiingiza kwenye kompyuta, akaiambia itenganishe sauti na ngoma. Siku hizi ziko programu za kufanya hivyo. Ikatoka sauti kama ya mtu anayeimba ndani ya pipa la maji, na ngoma inamgongea kutoka nje. Zaituni alitazama chini. Neema akaizima bila kuulizwa.

"Inabaki kaseti mama," nikasema, "ile ya njia nne."

Mashine ilikuwa kabatini, haijawashwa miaka. Nikaifungua. Mkanda wake wa mpira ulikuwa umeyeyuka, umekuwa ulimbo mweusi. Morogoro mkanda wa mashine ile haupatikani tena. Nikaenda chumbani nikatoa kopo la Fundi Sefu, nikapuliza poda. Mkanda wa kwanza ulikatika nikiuvuta. Wa pili pia. Wa tatu ulizunguka mara mbili ukakatika na kunichapa mkono, nikamsikia Fundi Sefu akicheka kaburini. Wa nne ulikaa. Ulikuwa wa mwisho wenye kimo kile.

Nikasafisha kichwa cha mashine kwa spiriti na pamba, nikamwambia Neema kwamba tuna safari moja, pengine mbili, basi. Akaunganisha nyaya nne kwenye kisanduku chake chenye matundu manne, ili kompyuta izipokee njia zote kwa pamoja, kila moja peke yake. Mimi nikabonyeza, yeye akabonyeza. Dakika sita na nusu hatukupumua. Wimbo ulipokwisha, utepe ukaendelea kidogo, mkanda ukateleza, mashine ikanyamaza. Haijazunguka tena mpaka leo. Lakini kila kilichokuwamo kilikuwa kimeshavuka.

Neema akafungulia njia ya pili. Sauti iliyopasuka, ngoma inamkanyaga. Zaituni alisikiliza ameweka mikono mapajani. Baada ya beti mbili akainuka, akajifunga khanga vizuri.

"Basi," akanong'ona. "Tumejaribu. Ahsanteni."

"Bado njia ya kwanza," Neema akasema.

"Hiyo ni kayamba tu," nikamwambia. "Iache, usimtese."

"Mama, si umenifundisha kusikiliza?"

Akaifungulia. Chachacha, chachacha. Mimi sikusikia kitu zaidi ya kayamba, na hapo ndipo nilipojua kweli masikio yangu yamezeeka. Neema alikuwa amefumba macho. Akasema, "Kuna mtu chini yake." Akapandisha. Kayamba likajaa chumba kizima, na mara, katikati ya wimbo, likakoma. Likawekwa chini, kifuniko cha kikopo kikalia. Mzee Kibwana, kwa jinsi alivyochoka na wimbo wa watu, alikuwa ameacha kupiga ili anuse ugoro.

Na katika ule ukimya, Zaituni wa miaka kumi na tisa akaimba ubeti mzima. Safi. Hakuna ngoma iliyomkanyaga, hakuna mpasuko. Sauti iko karibu kiasi cha kusikia midomo ikiachana.

Mtume! Nilipiga kelele. Nilielewa hapo hapo. Maikrofoni nzuri ilikuwa inatazama mapaja ya mzee, na binti aliyekaa mkekani ubavuni mwa kiti, mdomo wake ulikuwa usawa wa mapaja hayo hayo. Adabu iliyomnyima maikrofoni ndiyo iliyomkalisha mbele yake. Nimeishi miaka zaidi ya ishirini na kosa hilo na kumbe sikuwahi hata siku moja kuipandisha njia ya kwanza nikasikiliza. Zaituni alikuwa amesimama mlangoni, kiganja juu ya kovu lake, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Halafu Mzee Kibwana akapiga chafya.

Tulicheka mpaka bata wakakimbia. Neema akasema chafya anaifuta sasa hivi, ni kazi ya sekunde mbili. Zaituni akamshika mkono. "Iache," akanong'ona. "Naye aje harusini."

Tulifanya kazi mpaka Ijumaa. Hapa nampa Neema haki yake na dijitali haki yake: ubeti wa ugoro ulikuwa mmoja tu, beti nyingine zote kayamba lilikuwa juu ya sauti. Neema alilishusha kayamba pigo kwa pigo, kwa mkono, mamia ya mapigo, kila moja analipunguza bila kuigusa silabi iliyo chini yake. Hakuna utepe wala wembe wa kuukatia ambao ungeweza kazi hiyo. Nilimpikia, nikamfukuzia wageni, nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni kazi kuliko kupika.

Lakini alipoichanganya yote pamoja, ilitoka nadhifu na haikusimamisha nywele. Kila kitu kilikuwa kimepimwa, na wimbo ule haukuimbwa hivyo. Nikavua kitenge kwenye mixa. Njia nne zikatoka kwenye kompyuta zikapita mikononi mwangu. Zaituni anapovuta pumzi nawashusha waitikiaji, anapomalizia neno naiachia ngoma kubwa ije. Masikio yalikuwa ya Neema, akinigusa bega kwa kila sauti ya juu nisiyoisikia. Vidole vilikuwa vyangu. Mara ya saba nywele zikasimama, zake na zangu.

Jumamosi alasiri tulikuwa Masanze na spika mbili, jenereta na mixa. Sikuwa naamini spika za harusi, kwa hiyo sauti ya Zaituni niliitoa peke yake kwenye kitelezi cha kwanza, na vingine vyote cha pili, niweze kupatanisha hapo hapo. Wifi alikuwa amevaa tayari kuimba, amekunja uso. Zaituni akasimama mlangoni mahali pa mama. Asha akaletwa amefunikwa, akasimama ndani ya kizingiti. Zaituni akaniinulia kidole.

Ngoma ikaanza. Halafu ile sauti.

Vikongwe waliokuwa wamekaa mkekani waliinuka wote kwa pamoja. Waliitambua kabla ya neno la pili. Asha alifunua uso, akatazama spika, akamtazama mama yake ambaye midomo yake ilikuwa inakwenda na kila neno, akauliza kwa sauti, "Nani anaimba?"

"Mama yako!" uwanja mzima ukamjibu.

Yule binti alikaa chini pale pale kizingitini, na nguo zake za harusi. Alimshika mama yake miguu. Kiitikio kilipofika, wanawake wakaitikia wenyewe, kwa vinywa vyao, wakawazima waitikiaji wa kwenye utepe. Wifi naye aliitikia, tena kwa nguvu kuliko wote, Mungu ambariki. Ulipokuja ubeti wa ugoro kukawa kimya kabisa, na chafya ilipolia vikongwe wakapiga vigelegele, "Mzee Kibwana huyo! Mzee Kibwana kafika!"

Kabla ya ubeti wa mwisho Zaituni akamwacha binti yake, akaja moja kwa moja mpaka kwenye meza yangu. Akatazama vitelezi viwili, akaniuliza kwa macho kipi ni chake. Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu yake.

Bisibisi ya Fundi Sefu, ile ya kupigia vidole, ilikuwa mfukoni. Nikairudisha mikono yangu nyuma, nikamwachia mixa, akasukuma mpaka juu.